Risala ya Kikundi cha Usafi wa Mtaa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mazingira Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Ndugu Mtendaji wa Kata,
Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Wajumbe wa mashina, wazee wetu, mama lishe wa sokoni, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama leo tarehe 5 Juni. Tunakushukuru na wewe kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja mpaka huku kwetu, kwa barabara uliyoiona mwenyewe (hiyo leo hatuiombei kitu). Sisi tuliokaa hapa tangu saa mbili tunaijua foleni ya Dar es Salaam, kwa hiyo hakuna aliyenung'unika.

Kikundi chetu kilianza na watu saba, toroli moja la kuazima na reki mbili. Leo tuko kumi na sita na tuna maguta mawili, moja linatembea. Tumetoa elimu ya kutenganisha taka kwa mtaa mzima, kwa kipaza sauti, Jumamosi moja. Tumefanya ziara ya mafunzo kwenye kiwanda cha mboji cha Mabwepande, tukarudi siku hiyohiyo tukiwa wataalamu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019 mtaa wetu umepumua sana, na kikundi kinajihesabu ndani ya mafanikio hayo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, yako mengine, lakini tunaomba muda uliobaki tuutumie kwa jambo moja, nalo ni mizani.

Mwanafunzi mmoja wa chuo aliyekuja kufanya utafiti kwetu alituachia hesabu inayoitwa uchambuzi wa mtiririko wa vitu. Jina limekaa kisomi, ila mwenye duka yeyote anaijua. Mali iliyoingia dukani lazima ilingane na iliyouzwa ukijumlisha na iliyobaki rafuni. Isipolingana, kuna mtu kala. Profesa Paul Brunner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Vienna, huko Austria, wameitumia kwa taka za miji kwa miaka mingi, na chuo hicho kinatoa programu ya kompyuta iitwayo STAN bila malipo. Kompyuta ya kuazima tunayo. Tunachokosa ni tarakimu za kuingiza.

Unaanza kwa kuchora mpaka, na mpaka wetu ni mtaa huu. Kisha unauliza ndani ya mpaka kimeingia nini, kimetoka nini, kwa mlango upi, na kimelundikana nini. Tuseme wiki moja maguta yamekusanya kilo 500 kutoka kwenye kaya na sokoni. Kilo 330 zimekwenda dampo, kilo 40 za makopo, maboksi na vyuma zimechukuliwa na wanunuzi wa skrepa, kilo 80 za maganda zimeingia kwenye mboji. Jumla ni 450. Hizo 50 hazijayeyuka, Mheshimiwa. Ziko ghubani, pale taka zinaposubiri gari, au kuna mtu kazichoma usiku, au ziko kwenye ule mtaro ambao kila masika tunaambiwa umeziba kwa sababu wananchi hawana ustaarabu. Hesabu inaonyesha taka zimepotelea hatua ipi, na hapo ndipo unajua kama dawa ni guta la tatu, au ni mlinzi wa ghuba, au ni kumbembeleza mama fulani asimwage maganda ya ndizi darajani.

Bila mizani hayo yote ni hadithi. Sasa hivi tunahesabu kwa tripu. Tripu ya gari lililojaa na tripu ya gari nusu zinaandikwa sawa na zinalipiwa sawa. Zaidi ya nusu ya uzito wa taka zetu ni maganda na mabaki ya chakula, ambayo sehemu kubwa ni maji. Zikinyeshewa ghubani siku mbili, tunalipa kenta kusafirisha maji ya mvua mpaka dampo la Pugu Kinyamwezi. Tungejua ni kilo ngapi, maganda hayo yasingepanda gari. Yangebaki hapa yakawa mboji ya wakulima wa mchicha wa bondeni.

Kuhusu mboji tuna donda kidogo. Mkaguzi mmoja, ambaye hatutamtaja, aliona tumeandika maganda mengi yaliyoingia na mboji kidogo iliyotoka, akauliza nyingine tumemuuzia nani. Tulimweleza kwamba lundo likiiva hutoa mvuke na hewa, likashuka mpaka nusu ya uzito wake au chini zaidi. Alicheka. Katika hesabu ya Vienna mvuke una mshale wake unaoelekea juu na unaandikwa kama mlango mwingine wowote. Tungekuwa na vipimo, mweka hazina wetu asingelala na presha mwezi mzima.

Mizani tuliyonayo ni ya springi, ya kuning'iniza, tuliyopewa na muuza nyama alipobadilisha ya kwake. Gunia la lumbesa linaikalisha mpaka mwisho na mshale unabaki hapo unatetemeka. STAN inakubali vipimo vyenye shaka, unaandika plasi na minasi, lakini plasi na minasi zetu ni kubwa kuliko gunia lenyewe.

Mheshimiwa, jiji hili limekuwa likihamisha dampo badala ya kuhesabu taka. Wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu mwaka 1988 kulipinga la kwao. Likaja la Vingunguti, kisha Mtoni, sasa ni Pugu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezipa halmashauri jukumu la taka ngumu, na sisi tunajitolea kuanza na mtaa mmoja tu.

Sasa tunaomba utusamehe kwa kumbukumbu ifuatayo. Mwaka juzi, kwenye uwanja huuhuu, mgeni rasmi aliahidi mizani ya sakafuni, ile ya kupimia magunia kwenye maghala, "ndani ya wiki mbili". Tulipiga vigelegele. Tulichangishana saruji, tukamwaga zege la kuiwekea. Mwaka jana mgeni rasmi mwingine aliahidi kufuatilia ahadi ya mwaka juzi, na hapo pia tulipiga vigelegele, ingawa si kwa sauti ileile. Zege lipo nyuma ya turubai ulilokaa chini yake. Kwa sasa majirani wanaanikia dagaa, na kwa kweli dagaa wanakauka vizuri.

Kwa heshima zote tunaomba mizani ya sakafuni moja, iliyohakikiwa na kupigwa muhuri na Wakala wa Vipimo, ili mnunuzi wa skrepa na mkaguzi wote waukubali uzito mmoja. Tunaomba pia magari yanayobeba taka zetu yapimwe, na uzito huo tuletewe kila mwezi, tuulinganishe na wa kwetu. Ankara kifani tatu zimo kwenye bahasha ya kaki utakayokabidhiwa pamoja na risala hii. Hizi ni mpya; zile za mwaka juzi na za mwaka jana bei zake zilishapitwa na wakati zikiwa mezani kwa watu.

Viatu vya mvua na glovu tunavihitaji vilevile, lakini tumekubaliana tusivitaje sana, visije vikatolewa badala ya mizani.

Utakaposimama kujibu, tunakuomba utupe tarehe. Katibu amekaa mstari wa mbele na daftari wazi kwenye ukurasa wa ahadi, na amekwisha andika namba tatu.

Tunaomba kuwasilisha.