Barua ya wazi kwa wanangu wa viwandani Tabora: hiyo fulana ya Mei Mosi imeshonwa wapi?

Wanangu,

Marahaba kwa shikamoo zote mlizonipa uwanjani siku ya Mei Mosi. Nililotaka kuwaambia siku ile nililimeza kwa sababu mgeni rasmi alikuwa bado amekaa. Leo nalitoa, na atakayekasirika anajua kwangu mtaa wa Ng'ambo ni wapi.

Niliwaona mkigombania fulana. Boksi liliposhushwa kwenye gari, yule wa tawi la chama cha wafanyakazi akapaza sauti, "Wenye kadi tu, wenye kadi tu!", na ile "mshikamano daima" mliyotoka kuiimba haikudumu hata dakika. Binti mmoja wa kiwanda cha kuchambua pamba alisukumwa mpaka kiatu kikamvuka. Waliokosa wakanuna, wengine wakaapa kwamba mwezi ujao wanajitoa chamani, kisa fulana. Halafu akanijia kijana ambaye marehemu baba yake nilikuwa naye zamu moja, amevaa yake, meno yote nje. Nikamshika ukosi, nikaugeuza, nikamsomea kile kitambaa kidogo cha ndani. Imeshonwa ng'ambo ya bahari. Kofia vilevile. Na kifuani ameandikwa maneno ya kulinda ajira za Watanzania.

"Babu, si fulana tu hiyo?" akaniambia.

Si fulana tu, mwanangu. Pamba ya Igunga na Nzega inachambuliwa, inafungwa marobota, na sehemu kubwa ya pamba ya nchi hii inapanda meli ikiwa bado pamba. Huko iendako inasokotwa, inafumwa, inatiwa rangi, inakatwa, inashonwa, na kila hatua hapo ni mshahara wa mtu. Kisha nguo inarudi, na chama cha wafanyakazi kinainunua kwa ada za wafanyakazi. Hela iliyokatwa kwenye mishahara yenu imekwenda kumlipa mshonaji wa nchi nyingine, nanyi mkavuana viatu kwa kugombania risiti yake.

Nilidhani wazungumzaji wataligusa hilo. Aliyepanda jukwaani akasema viwanda vyetu viliuawa na wageni, basi, mkapiga makofi na vigelegele. Makofi yale yalinikera kuliko fulana.

Sisemi kwamba ni uongo. Tangu serikali ilipoanza kulegeza masharti ya bidhaa za nje mwaka 1984, na zaidi baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, mwaka 1986, vitenge vya nje na belo za mitumba viliingia kwa kasi ambayo hakuna kiwanda chetu kilichokuwa kimejiandaa nayo. China ikaingia Shirika la Biashara Duniani Desemba 2001. Tarehe 1 Januari 2005 ukafa ule utaratibu wa zamani wa kuziwekea nchi viwango vya nguo za kuuza kwenye masoko ya matajiri, na viwanda vya Afrika vikabaki vinashindana na wenye mitambo mipya na umeme usiokatika. Ongezeni ujanja wa mpakani: kitenge kinachotangazwa kwa thamani ya chini ili kilipe ushuru kidogo, na mzigo unaoandikwa kuwa unakwenda Congo kumbe umelala hapahapa njiani. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, Marekani ikatishia kutunyang'anya nafuu ya AGOA, ile ya kuuza bidhaa kwao bila ushuru, na Tanzania, Kenya na Uganda wakarudi nyuma. Rwanda ilikaza, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu hiyo. Kwa hiyo mkubwa kumwonea mdogo kupo, na asiwadanganye mtu kwamba katika biashara ya dunia wote tunapimwa kwa kipimo kimoja.

Lakini hesabuni miaka. Viwanda vingi vya nguo vilikuwa hoi kabla ya 1984.

Mimi nilikuwa fundi kwenye kiwanda cha nyuzi. Jina lake naliacha. Wahusika wengi wametangulia mbele ya haki. Nchi ilikuwa imetoka Vita vya Kagera, mafuta yamepanda bei, fedha za kigeni hakuna. Sasa, mashine ya kusokota ina kipete cha chuma, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, kinachozunguka kwenye njia yake maelfu ya mara kwa dakika na kuuongoza uzi uingie kwenye bobini. Kinalika haraka, na hakikutengenezwa nchini. Vilipokwisha stoo tukaanza kunyofoa kwenye mashine moja kuokoa nyingine, hadi safu nzima ikabaki mifupa. Kisha ikaharibika mitambo ya kutia unyevu hewani. Ninyi mnajua Septemba na Oktoba za huku bara zinavyopasua midomo. Pamba haitaki hewa kavu, uzi unakatika. Akina dada wakawa wanakimbia mashine hadi mashine kuunga, wakiunga huu ule umekatika, na sisi mafundi tunamwaga maji sakafuni kwa ndoo kama watu wanaoosha ua wa msikiti. Uzi ukatoka mwembamba hapa, mnene pale. Mteja akaurudisha.

Ukaitishwa mkutano wa tawi. Ajenda: mgao wa sukari, mgao wa sabuni, na nani amependelewa kwenye foleni ya duka la kiwanda. Nikanyoosha mkono nikauliza kipete kimoja kinauzwa shilingi ngapi, na maombi ya kuagiza yamekwama mezani kwa nani. Mwenyekiti akanijibu hilo ni la menejimenti. Menejimenti nayo ilishasema ni la wizara. Tukagawana sabuni, tukatawanyika. Na wakati huo, wanangu, maduka yalikuwa matupu. Hapakuwa na mgeni wa kumsingizia. Soko lote lilikuwa letu na bado tulishindwa kulivisha. Vitenge vya nje vilipokuja vilitukuta tayari hatuna uzi wa kuuza.

Mtauliza kwa nini chama kilikaa kimya. Chama kilikuwa kimefugwa. Vyama vya wafanyakazi vya nchi hii vilizaliwa na meno. Babu zenu wapagazi, kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, wakipunjwa posho walikuwa wanashusha mizigo kwa pamoja na msafara hauondoki. Mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam wa 1947 ulipanda na reli ya kati hadi ukatufikia huku. Mwaka 1955 likaundwa TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika, katibu mkuu wake Rashidi Kawawa, ambaye alisoma hapahapa Tabora. Mwaka 1960 watu wa reli waligoma kwa miezi, mtu asiamini. Halafu yakaja maasi ya jeshi ya Januari 1964, viongozi wengi wa vyama wakawekwa ndani, TFL ikafutwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, ambayo katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Ikaja JUWATA, jumuiya ya chama tawala. Kazi yake ikawa kutuhimiza tuongeze bidii. Bidii kwenye mashine isiyo na kipete!

Ninyi leo mna bahati ambayo sisi hatukuwa nayo. Vyama viko huru kisheria, mnachagua wenyewe. Na mmeutumia uhuru huo kudai fulana.

Wapo wanaosema kinyume, kwamba vyama ndivyo vinavyoua viwanda kwa madai yasiyokwisha. Hao nao wanyamaze kidogo. Kule Fremont, California, kulikuwa na kiwanda cha magari cha General Motors, kikafungwa mwaka 1982. Wafanyakazi walikuwa na sifa mbaya kweli, utoro, migomo, magari yenye kasoro. Mwaka 1984 Toyota wakaingia ubia na General Motors wakakifungua upya, chama kikabaki kilekile cha wafanyakazi wa magari, UAW, na wengi wa walioajiriwa ni walewale wa zamani. Ila safari hii mfanyakazi alipewa kamba ya kuvuta akiona kasoro, mstari mzima usimame mpaka irekebishwe. Magari yakatoka safi. Watu hawakubadilika, kilichobadilika ni nani anasikilizwa. Sisemi hiyo ni dawa ya milele. General Motors walijitoa mwaka 2009 na mwaka uliofuata milango ikafungwa. Lakini ilitoa zaidi ya miaka ishirini ya ajira mahali ambapo watu walishafanyiwa matanga.

Ninyi kamba yenu mnayo, imeandikwa kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Chama chenye wafanyakazi walio wengi kikishatambuliwa kuwa wakala wa majadiliano, mwajiri anawajibika kukipa taarifa zinazohitajika ili majadiliano yawe ya maana. Taarifa, wanangu. Mtu akiwaambia "biashara mbaya", mwambieni atuonyeshe. Nimeongea na wawakilishi wa matawi kadhaa hapa mjini na wengi hawajawahi kuandika hata barua moja ya kuomba hesabu. Posho ya kikao wanaijua hadi senti.

Mengine nayataja tu, mkayasome wenyewe. Mwajiri akitaka kupunguza wafanyakazi lazima atoe taarifa mapema, aseme sababu, ashauriane na chama. Kiinua mgongo ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10. Ukiachishwa kazi isivyo halali una siku 30 za kwenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, si miezi mitatu ya kuzunguka kwa mganga na kwa diwani. Mgomo una njia yake: usuluhishi kwanza, kisha kura, kisha notisi ya saa 48. Na kagueni michango yenu NSSF wenyewe. Usimwachie mtu.

Kuna la serikali pia, maana tukisema chama tu tutakuwa tumeonea. Tumbaku ya Urambo, Kaliua na Sikonge inabebwa kilomita mamia kwenda kuchakatwa Morogoro. Sisi tunabaki na moshi wa mabani, yale mabanda ya kukaushia tumbaku, na mashina ya miti iliyokatwa kukaushia. Asali yetu inasifiwa kila maonyesho, kisha nyingi inauzwa kwa ndoo na madumu. Sheria ya ununuzi wa umma inatoa upendeleo kwa bidhaa za ndani, lakini geuzeni ukosi wa sare na mapazia ya ofisi mnazoingia, muone. Sasa reli ya SGR inakuja, Tabora itakuwa njia panda ya Mwanza na Kigoma, na kila mtu anashangilia. Reli haichagui mzigo. Itapeleka pamba Dar es Salaam upesi zaidi, na itatuletea fulana upesi zaidi, kama hakuna aliyeketi kupanga kitu cha kutengeneza hapa katikati. Na sisi wazazi tuliomkataza mtoto ufundi tukimtaka awe na ofisi yenye kiyoyozi, tusijifanye hatumo.

Nisiwachoshe. Nimesikia mazungumzo ya mkataba wenu mpya wa hali bora yanaanza mwezi ujao, na rasimu yenu ina ukurasa mzima wa asilimia za nyongeza. Sawa, daini, maisha yamepanda. Ila kabla ya ukurasa huo andikeni barua ya kuomba haya: robota ngapi zilichambuliwa msimu uliopita na msimu wa kabla yake, mashine zipi zimesimama, tangu lini, na zinasubiri kifaa gani, umeme unakula kiasi gani, mteja mkubwa ni nani na mkataba wake unaisha lini. Ipelekwe kwa maandishi, nakala ibaki kwenye jalada la tawi, na anayepokea asaini na kuweka tarehe. Mkinyimwa, CMA wako hapahapa mkoani. Mkipewa, nileteeni hizo karatasi. Macho yamepungua lakini miwani ninayo, na hesabu za pamba bado sijazisahau. Njooni jioni baada ya zamu, na aje yule binti aliyevuliwa kiatu, nasikia ndiye anayejua kusoma hesabu za stoo kuliko katibu wenu.

Ni mimi mzee wenu,
fundi mstaafu wa nyuzi,
Ng'ambo, Tabora.