Kile kidaftari cha mapambo

Malindi,
Ijumaa jioni.

Mwenzangu Mwanaisha,

Salamu nyingi kwako na kwa wanao. Huku hatujambo, na bibi kila nikikutaja anakuulizia.

Nakuandikia kwa sababu ya mtoto wa dada yangu. Yuko kidato cha tatu, na juzi alinijia kuomba mapambo ya insha, ile misemo ya kuipamba lugha. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ni insha 2, alama 40, naye anaona bila mapambo hatoki. Nikakikumbuka kile kidaftari chetu. Insha zetu zote zilifunguka kwa miale ya jua na jogoo kuwika, hata ile yangu ya soko lililoteketea usiku wa manane! Mwalimu akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Jua hili limetoka wapi?" Nililia sana, wewe ndiwe uliyenibembeleza.

Tashbihi ya kufananisha kwa "kama", tashihisi, istiari, takriri ya kurudia neno, mbinu zote hizo nilizikariri, lakini swali lile ndilo lililonifunza. Likizo ile nikaanza kumsikiliza bibi. Neno tanakali, yaani kuiga sauti, halijui, ila hakosei: nazi ikidondoka mchangani ni tifu, ndoo ikitumbukia kisimani ni chubwi, mtoto akianguka matopeni ni tapwi. Jioni moja akanisimulia siku babu alipochelewa kurudi baharini. "Nikangoja, mjukuu wangu. Nikangoja. Jua likatua, nikangoja." Nilikuwa juu ya mbuzi nakuna nazi, mkono ukasimama wenyewe. Bibi hakuwa akipamba kitu. Kungoja kwake kulikuwa kurefu vile, na neno jingine hakuwa nalo.

Niliporudi shule niliiandika upya insha ya soko. Nikaanza na harufu ya ndala zinazoungua, kwa kuwa ndiyo iliyotuamsha nyumbani usiku ule. Tashbihi nikatia moja tu: mabati yaliyojikunja kama majani makavu ya mgomba. Niliyaona kwa macho yangu asubuhi yake. Mwalimu aliipigia mstari sentensi ile, na furaha niliyoipata siku hiyo ninayo hadi leo.

Kijana sijampa pambo hata moja. Nimemwambia Jumapili aje akae na bibi jikoni. Lakini nina ombi: ile insha ya kwanza, yenye wino mwekundu, uliikunja ukaichomeka ndani ya kidaftari. Kama bado unayo, nitumie. Nataka aione.

Ni mimi mwenzio,
Rukia