Daraja Lilikwama Kweli, Baba

Norwalk, Connecticut
Julai 2017

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mamangu naye shikamoo nyingi. Ama baada ya salamu, mimi mzima, kazi inaendelea, na pesa za mwezi huu nilizituma jana kwa namba ya Mama. Kwa Salim situmi tena. Leo naandika sababu yake, maana donge hili limenikaa kooni wiki nzima.

Juzi Shangazi Mwanasha alinipigia. Katika maongezi akanitajia, akidhani nalijua, kwamba mwaka ule wa 2014, karo ya Rehema ilipochelewa, Salim alisimama matangani kwa Ami mbele ya watu akasema: "Zuhura anatunga. Tangu lini daraja la reli likakwama Marekani?" Watu wakacheka. Miaka mitatu naongea nanyi kwenye simu, kumbe huko nyumbani jina langu ni mwongo!

Baba, umekula mkate wa reli umri wako wote, wewe utanielewa. Daraja lilikwama kweli.

Wanaliita Walk Bridge, liko juu ya Mto Norwalk. Njia nne za reli, treni za New York na Boston zote hupita hapo. Lilijengwa 1896, mwaka uleule reli yetu ilipoanza kutandazwa kutoka Mombasa, kwa hiyo ukiliona utalijua kama unavyomjua mtu wa rika lako: chuma cheusi, ribiti kubwa kama ngumi ya mtoto, kutu imeanza kula viungo. Katikati pana nguzo nene. Chombo kirefu kikitaka kupita, kipande cha kati cha daraja huzunguka juu ya nguzo hiyo kama jiwe la kusagia. Likirudi, kila reli lazima ikutane na mwenzake sawasawa, hata upana wa ukucha usibaki. Lisipokaa, hakuna treni inayovuka.

Mwisho wa Mei 2014 lilikataa kufunga. Siku nane baadaye, Ijumaa tarehe 6 Juni, likakataa tena, asubuhi, saa ya watu kwenda kazini. Mimi naishi ng'ambo ya mashariki na kazi yangu iko Stamford, upande wa pili. Nilisimama stesheni na chupa yangu ya chai mpaka chai ikapoa. Tulipopakiwa kwenye mabasi, zamu yangu ilikuwa imeshapewa mwingine. Na mimi nalipwa kwa saa, Baba. Saa za wiki ile ndizo zilizokuwa karo ya Rehema. Basi, hayo yamepita, sitaki Mama ayasikie akaanza kulia.

Sasa nikupe la kunitukuza. Serikali ya jimbo inataka kulibomoa daraja lile na kujenga jipya la kunyanyuka, kipande cha kati kinapanda juu kati ya minara miwili. Gharama yake inasemwa kuwa karibu dola bilioni moja. Serikali kuu iliahidi milioni 161 baada ya kimbunga Sandy cha 2012. Mji umegawanyika. Wenye maduka ya Washington Street wanaogopa miaka ya vumbi na barabara kufungwa. Wavuvi wa chaza wanauogopa mchanga utakaotibuliwa mtoni. Jumba la samaki hai lililo ubavuni mwa daraja lina ukumbi mkubwa wa sinema, nao ndio utakaovunjwa kupisha kazi. Na wako wanaosema: kwa nini linyanyuke? Lijengwe la kukaa palepale, lisilofunguka, vyombo virefu vinavyopanda mto ni vichache. Serikali inawajibu kwamba mto huo ni njia ya vyombo kisheria, na kule juu wapo wanaoleta mizigo kwa matishali.

Nilikwenda kwenye mkutano wa hadhara nikitoka kazini, bado na sare yangu. Nikasikiliza wenye mashua, wenye maduka, wenye nyumba zenye kuutazama mto. Saa nzima sikusikia mtu wa treni ya alfajiri. Nikaandikisha jina langu, likaitwa, nikasimama. Baba, mikono ilitetemeka lakini sauti haikutetemeka. Niliwaambia babangu alikuwa mnyapara wa gengi ya reli Mazeras, na alinifundisha kwamba chuma kinachozunguka kitakwama siku moja, hata kipakwe grisi vipi, hivyo mimi nataka daraja lisilofunguka. Nikawakumbusha kwamba hapo hapo mwaka 1853 treni ilitumbukia mtoni kwa sababu daraja lilikuwa wazi, wakafa watu zaidi ya 40. Nikamaliza kwa kuwaambia wanaopoteza mkate daraja likikwama ni sisi tunaolipwa kwa saa, na kwenye ule mkutano hatukuwa hata watano. Walipiga makofi. Mzee mmoja mwenye mashua alikuja kunishika mkono ingawa hakubaliani nami. Uamuzi unaelekea kwenye la kunyanyuka, najua, lakini neno langu limeandikwa kwenye kumbukumbu zao, na jina lako limo ndani yake. Picha nimeambatisha. Mwonyeshe Salim, na wale waliocheka matangani.

Nimesikia treni ya zamani ya abiria haipiti tena Mazeras, sasa kwa kuwa imekuja treni mpya ya Madaraka Express. Mama anasema usiku unakaa nje ukisubiri mlio wake. Nami huku usiku treni ikivuka mto, huamka nikidhani ile yetu inapanda mlima kutoka Mombasa, ule mngurumo wake wa kuhema, na wewe uko ukumbini unatazama saa kuona kama imechelewa. Halafu nasikia baridi ya dirishani, najua niko wapi.

Rehema ameniambia jambo jingine. Eti Salim amepata mnunuzi wa chuma chakavu, na anataka kushusha kile kipande cha reli kilichoning'inia mwembeni, ulichokuwa ukigonga kutuita kula. Ameshakipima. Baba, nakuomba kwa magoti, kisishuke. Kama shida ni pesa, aseme bei aliyoahidiwa, nitampa Mama aongeze juu yake. Kile si chuma cha Salim. Mimi nikija Desemba, Mungu akipenda, nataka nikikute hapo hapo, na nyundo yake chini ya mti, nikigonge mwenyewe.

Mwanao,
Zuhura