Wafumaji wa soksi za watoto, tuangalie ncha ya uzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wanawake wenzangu wanaofuma soksi za watoto wachanga, na kina mama wanaozinunua. Baridi ya Njombe inakaribia. Mwezi wa 6 na wa 7 huku kwetu mtoto halali bila soksi, na najua mikono mingi imeshaanza kazi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Kroshia nilijifunza nikiwa msichana, nikaanza na vitambaa vya makochi kama wengi wetu. Tangu nistaafu nafuma soksi na kofia za watoto, nauza sokoni na stendi.

Soksi ya mtoto naianzia kwenye vidole. Nazungusha uzi kuwa duara dogo, naweka vitanzi 6 ndani yake, mzunguko wa pili vinakuwa 12, wa tatu 18, kisha navuta mwisho wa uzi mpaka lile tundu la katikati lifunge kabisa. Kuanzia hapo sindano inapanda tu, bila kuongeza, mpaka kwenye kisigino. Kipimo changu ni kidole changu cha kati, maana unyayo wa mtoto mchanga aliyezaliwa ametimiza miezi yake unakaribiana nacho kwa urefu.

Ule mwisho wa uzi uliofunga tundu ndio ulionishikisha kalamu. Unabaki ndani ya soksi, pale pale vidole vinapokaa. Miaka yote nilikuwa naupitisha mara mbili chini ya vitanzi, naukata, nahesabu kazi imekwisha. Lakini uzi mwingi wa madukani siku hizi ni akriliki. Unateleza, haujishiki wenyewe kama sufu. Soksi ikifuliwa mara tatu nne, ncha inachomoka na kuanza kuchambuka.

Mwaka jana mwezi wa 7 mjukuu wangu wa miezi mitatu alilia usiku kucha. Akipewa ziwa anakataa, akibebwa analia, akilazwa analia zaidi. Mimi ndiye niliyesema ni chango. Nikamkanda tumbo kwa mafuta ya uvuguvugu, nikamtembeza chumbani mpaka jogoo wakawika. Soksi hakuna aliyemvua, kwa kuwa kulikuwa na baridi kali na sote tuliona vema miguu yake ikae kwenye joto.

Asubuhi tulimpeleka zahanati. Nesi hakuuliza mengi, alimvua nguo zote, na soksi akazimalizia. Kidole cha tatu cha mguu wa kushoto kilikuwa kimevimba kama punje ya harage, chekundu kinachoelekea zambarau, na kwenye shina lake kulikuwa na mfereji mwembamba kama umechorwa kwa kalamu. “Bibi, nishikie tochi hapa,” akaniambia. Nikamulika kwa simu, mkono unatetemeka. Ndani ya ule mfereji niliuona unyuzi mmoja wa kijani. Niliutambua. Nilikuwa nimeununua kwa mkono wangu.

Aliukata taratibu kwa mkasi mdogo, na mtoto akanyamaza kabla hatujamfunga nepi. Kidole kilirudi rangi yake baada ya siku chache. Nesi alitueleza kwamba uzi ukizunguka kidole hivyo unazuia damu, na kikichelewa kuonwa kidole kinaweza kufa. Alisema hata unywele wa mama hufanya hivyo hivyo, kwani miezi michache baada ya kujifungua nywele za wanawake wengi hukatika sana na kuangukia nguo za mtoto. Basi mtoto akilia bila kunyamaza, kabla ya kusema chango, mvueni soksi muangalie kidole kimoja kimoja.

Siku hizi ncha naiacha ndefu, kama sentimita 15. Naipitisha kwa sindano butu kwenda, kurudi, kisha kukatiza, na naimalizia upande wa nje. Halafu naigeuza soksi ndani nje na kuikwaruza kwa kucha kama mtoto anavyokwaruza kwa vidole. Kikijitokeza chochote, nafumua. Nafuma vitanzi vifupi vilivyobana, kwa sababu mafumo ya matundu matundu yanapendeza machoni lakini kidole cha mtoto kinapenya na kunasa. Kamba za kufunga kifundoni nimeacha. Shingo ya soksi naifuma kwa kudaka uzi wa nyuma tu wa kila kitanzi, inatoka na mikunjo inayovutika, inashika mguu bila kuubana.

Kuna walionisikia wakasema basi tuache soksi. Hapana. Watoto wanaozaliwa na uzito chini ya kilo 2.5 wanapoteza joto haraka mno. Ule utaratibu wa kangaroo, ulioanzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, unamweka mtoto kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, amevaa nepi, kofia na soksi tu. Soksi zinahitajika sana, tena na wale wenye vidole vidogo kuliko wote. Nawaomba wanaofundisha kroshia kwenye vikundi vya kina mama wafundishe kumalizia uzi siku ile ile wanayofundisha kuanza.

Mwezi ule nilikuwa nimeuza jozi 11 za uzi ule ule, kijani na njano. Nilitoka nyumba hadi nyumba, nikaulizia sokoni, nikarudishiwa 9 na kuzifumua zote. Mbili sijazipata. Alizinunua dada mmoja stendi, akiwa na mtoto mgongoni, anasubiri gari la Ludewa. Ni za njano zenye ukingo mweupe shingoni. Huenda mtoto wako ameshakua, dada yangu, ukampa mwenzako aliyejifungua. Popote zilipo, tafadhali zigeuze ndani nje, utafute ncha ya uzi pale kwenye vidole, na ukiiona imelegea usimvishe mtoto.

Bibi mfumaji,
Njombe