Risala ya Klabu ya Kiswahili na Historia kwa Mgeni Rasmi: Kasubi, Makerere na Ukumbi Wetu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, afisa wa Zimamoto, Mwalimu Mkuu, wajumbe wa Bodi ya Shule, walimu wetu wapendwa, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana.

Kwa niaba ya wanachama wote wa Klabu ya Kiswahili na Historia, tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu katika maadhimisho haya ya Siku ya Kiswahili Duniani. Tunajua kazi yako haina Jumapili wala sikukuu, na kwamba simu yako ikilia sasa hivi itakubidi utuache. Ndiyo maana tunakushukuru sana kwa kukubali mwaliko wetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kila mwaka klabu yetu huchagua jambo moja la historia ya mji wetu wa Kampala, tukalisoma, tukaenda kulitazama, kisha tukalieleza kwa Kiswahili. Mwaka huu tumechagua majengo ya kihistoria yaliyoteketea kwa moto. Wenzetu walituuliza, Kiswahili na moto wapi na wapi? Jibu tulilipata Kasubi, kwenye makaburi ya Makabaka, yaani wafalme wa Buganda. Kabaka Mutesa wa Kwanza, aliyejenga pale ikulu yake mwaka 1882, alikuwa akizungumza Kiswahili. Alijifunza kwa wafanyabiashara waliofika barazani kwake kutoka Zanzibar na pwani, na akazungumza nao bila kungoja mkalimani. Sisi tunaojifunza lugha hii leo tunafuata nyayo za mtu aliyelala kwenye kilima kinachoonekana kutoka Makerere.

Mutesa alifariki mwaka 1884 akazikwa mle mle ndani ya nyumba yake, Muzibu Azaala Mpanga. Desturi ya zamani ilikuwa kila Kabaka azikwe mahali pake peke yake, lakini Kasubi ikawa tofauti. Mwanga wa Pili alifia uhamishoni Ushelisheli mwaka 1903, mabaki yake yakarudishwa mwaka 1910 akalazwa karibu na baba yake. Akafuata Daudi Chwa wa Pili mwaka 1939. Wa nne ni Edward Mutesa wa Pili, Rais wa kwanza wa Uganda, aliyefariki London mwaka 1969 na kurudishwa nyumbani mwaka 1971. Ukiyataja makaburi hayo manne umeshapitia karibu miaka mia ya nchi hii: kuja kwa wageni, vita vya dini, ukoloni, uhuru, na yale yaliyotokea baada ya uhuru.

Na nyumba yenyewe, Mheshimiwa! Ilikuwa ya mviringo, upana wake kama mita 31, paa lake la nyasi likianzia kileleni na kuteremka hadi karibu kugusa ardhi. Ndani, juu ya kichwa chako, kulikuwa na pete 52 zilizosukwa, moja kwa kila ukoo wa Baganda. Mtu akiingia alivua viatu, akaketi kwenye mkeka, na mbele yake likaning'inia pazia la gome la mti, lile tunaloliita lubugo. Nyuma ya pazia ndiko walikolala Makabaka, na huko tunakuita msituni. Mwaka 2001 UNESCO iliiandika Kasubi katika orodha ya Urithi wa Dunia. Haikuandikwa kwa sababu ya mawe wala dhahabu. Iliandikwa kwa sababu nyasi, matete, miti na magome vilikuwa vimefikishwa na mafundi wa Buganda mahali ambapo hakuna aliyewahi kuvifikisha.

Usiku wa Jumanne, tarehe 16 Machi 2010, mnamo saa mbili na nusu, nyumba hiyo iliwaka. Wengi wetu tulikuwa bado tunabebwa mgongoni, na wengine hatukuwa tumezaliwa, kwa hiyo tuliwauliza wazazi wetu. Karibu wote walianza na jambo lile lile: mwanga. Walisema waliuona wakiwa mbali, wakatoka nje ya nyumba zao, na watu wazima wakaanza kulia barabarani kama wamefiwa. Nyasi kavu hazisubiri. Kufikia asubuhi zilibaki nguzo na majivu, ingawa makaburi yenyewe, yaliyo chini ya ardhi, hayakuguswa.

Hatutaficha kwamba usiku ule na siku iliyofuata palikuwa na hasira kubwa, na kwamba watu walipoteza maisha yao kwa risasi pale kilimani. Tunawakumbuka. Tume iliundwa kuchunguza chanzo cha moto, na sisi wanafunzi hatukuja hapa kumnyooshea mtu kidole. Tunalotaka kulisema mbele yako, wewe uliyezoea kuitwa wakati moto umeshawaka, ni hili: jengo likishaungua, fedha peke yake hazilirudishi. Linarudishwa na watu wanaojua lilivyojengwa, na kumbukumbu zinazoonyesha lilivyokuwa. Kasubi imetufundisha hivyo kwa muda wa zaidi ya miaka kumi na mitatu.

Fedha zilitafutwa. Serikali ilichangia. Katikkiro, yaani Waziri Mkuu wa Buganda, Charles Peter Mayiga, alizunguka Buganda na nje yake kwa kampeni ya michango iitwayo Ettoffaali, yaani tofali, na aliyekuwa na kidogo akatoa kidogo. Japani, kupitia UNESCO, iligharamia mradi wa kuikinga Kasubi na moto. Lakini kuezeka paa lile si kazi ya mtu yeyote mwenye ngazi. Ni kazi ya ukoo wa Ngeye, ya kurithiana baba kwa mwana, na moto ulipotokea mafundi waliobaki walikuwa wazee. Ikabidi vijana wafundishwe upya. Mwaka 2010 Kasubi iliingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na haikutolewa humo hadi Septemba 2023, katika kikao cha Riyadh.

Tulipokwenda Kasubi mzee mmoja alituonyesha jinsi fungu la nyasi linavyotayarishwa. Alichukua konzi ya nyasi, akaipitisha kati ya vidole kuondoa majani mafupi na yaliyooza, akaigonga kwenye paja ncha zikalingana, kisha akaifunga kwa kamba ya mgomba. Ilichukua muda mfupi sana. Akatupa sisi. Mafungu yetu yalilegea yote. Akayafungua, akatwambia turudie, na tukarudia mpaka mmoja wetu akapata moja aliloliridhia. Akalipima mkononi, akasema hilo mvua haitalipita. Baada ya hapo tulilitazama paa lile zima kwa macho mengine, tukijua kila sehemu yake imepita mikononi mwa mtu namna ile.

Wapo wanaosema, na tumewasikia hata humu shuleni, kwamba ingekuwa busara zaidi kuezeka kwa vigae au mabati ili mambo yaishe. Sisi hatukubaliani nao. Nyumba ya mabati pale kilimani ingekuwa salama zaidi, ndiyo, lakini isingekuwa Muzibu Azaala Mpanga, na ujuzi wa Ngeye ungezikwa pamoja na wazee wake. Dawa ya moto ni ulinzi, maji yaliyo karibu na watu waliofundishwa. Kuacha kujenga tunavyojua kujenga si dawa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, miaka kumi baadaye mji huu ulilia tena. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 20 Septemba 2020, jengo kuu la Chuo Kikuu cha Makerere liliungua. Wanafunzi walikuwa majumbani kwa sababu ya korona. Jengo lile jeupe lilikuwa limesimama tangu mwaka 1941. Mwalimu Julius Nyerere alipofika Makerere mwaka 1943 alilikuta, na baada yake wakaja Benjamin Mkapa na Mwai Kibaki. Mtanzania, Mkenya na Mganda wote wana haki ya kuliita la kwao. Moto ulikula paa na kushuka kwenye ofisi, zikiwemo za fedha. Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Barnabas Nawangwe, ambaye kwa taaluma ni msanifu majengo, aliahidi kwamba litarudi na sura yake ile ile, na mwaka 2024 likafunguliwa tena. Ukilitazama kutoka mbele utadhani halikuguswa. Tunafurahi kwamba hawakulibomoa wakaweka ghorofa la vioo, kwa maana kishawishi hicho hakikosekani katika mji huu.

Sasa turudi nyumbani. Ukumbi huu tulioketi ndio jengo kongwe kuliko yote shuleni. Matofali yake yalifyatuliwa na wazazi wa wanafunzi wa kwanza, na mbao za paa ni zile zile. Tukiwa katika utafiti wetu, mwalimu mlezi alitufungulia chumba kilicho chini ya jukwaa. Tulikuta maboksi ya karatasi, na ndani yake rejesta za wanafunzi tangu shule ilipoanza. Tulifungua moja. Wino umegeuka rangi ya kutu, lakini unasomeka: jina la mtoto, kijiji, ukoo, dini, na safu ya kazi ya mzazi. Mkulima. Mshoni. Mvuvi. Mpagazi wa reli. Mwenzetu wa kidato cha tatu alikuta jina la bibi yake, na mbele yake alama kwamba ada ya muhula ililipwa nusu. Hakuna aliyekuwa akijua katika ukoo wao kwamba bibi aliwahi kusoma hapa.

Mheshimiwa, ukuta wa nyuma wa chumba hicho ndio ukuta wa stoo ya kuni za jikoni. Nyaya za umeme zinazopita juu yake ni za zamani, na baadhi zimeungwa kwa mkanda wa plastiki. Mtungi wa kuzimia moto uko mmoja, mlangoni, na hatuna hakika kama bado unafanya kazi. Hatusemi haya kuulaumu uongozi wa shule, ambao umekuwa ukitusikiliza na una mizigo mingi. Tunayasema kwa sababu wewe upo. Na tunajua kuna shule katika nchi hii ambazo moto haukuchukua rejesta, ulichukua watoto bwenini.

Kwa hiyo tunayo maombi. La kwanza, na ndilo zito kuliko mengine, ni kwamba kabla ya muhula huu kwisha uwatume vijana wako waje kukagua ukumbi huu, jiko na mabweni, watwambie bila kutuonea haya ni nini kiondolewe leo na nini kinaweza kungoja. Tunaomba pia watufundishe sisi wanafunzi kutumia mtungi na kuwatoa wenzetu gizani, na wapishi na walinzi nao wafundishwe, kwa kuwa wao ndio huwa macho usiku.

La pili tunalielekeza kwako na kwa wazazi waliopo: kabati la chuma la kuhifadhi rejesta, na skana moja ya kutuwezesha kuzinakili ukurasa kwa ukurasa. Kazi ya kunakili tutaifanya wenyewe. Tumeshagawana miaka, na kidato cha pili wameomba wapewe ile migumu kusomeka. Nakala moja tungependa ihifadhiwe nje ya shule.

Tumeanza pia kuupima ukumbi huu kwa futi kamba na kuuchora, kila dirisha na kila boriti, na michoro hiyo utaonyeshwa baada ya chai. Ina makosa, na kama unamfahamu msanifu majengo anayeweza kuja kutusahihishia, hata kwa alasiri moja, tutashukuru.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakuombea wewe na kikosi chako afya njema na kurudi salama kila mnapoitwa. Naomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya Klabu ya Kiswahili na Historia.