Mafuta ya karafuu yafike hadi buchani

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Watu wengi wanadhani ukishamwaga maji na jiki kwenye kibao cha kukatia nyama basi bakteria wameisha, kumbe wakishakaa pale au kwenye mashine ya kusagia nyama wanajijengea utando wa ute, wanajificha humo ndani na klorini ya jiki inaishia juu juu tu. Afrika Kusini 2017 hadi 2018 bakteria aitwaye Listeria aliingia kwenye soseji za kiwandani akaua watu zaidi ya 200, na huyu hata kwenye friji anazaliana!

Sasa sisi tuna karafuu Pemba, na mafuta yake yanakamuliwa huko huko kisiwani. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kemikali iitwayo eujenoli, inatoboa ngozi ya bakteria mpaka vya ndani vinavuja, na maabarani imeonekana inapunguza huo utando, mdalasini nao una kemikali yake ya namna hiyo.

Ugumu upo, sikatai. Hayachanganyiki na maji, harufu kali, na kwenye nyama yenye mafuta nguvu inapungua sana, ndo maana mi naona yaanzie kwenye kusafishia vifaa, tena baada ya kusugua kwa brashi na sabuni. Na jamani msianze kuyanywa, ni makali mno.

Naomba serikali iwape Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) hela wajaribu hii kitu kwenye machinjio na mabucha yetu, watupe vipimo vya kufuata.

Msomaji wenu, Tanga