Barua ya wazi kwa Mjomba: gari la minyororo usiligeuze jipya

Mjomba, shikamoo.

Nimezitazama picha zote ulizotuma kwenye kundi la familia, za lile gari la vita la minyororo ulilolishusha uani kwako Kigamboni, Dar es Salaam. Maswali uliyouliza pale yanaulizwa pia na watu wengine wanaonunua mitambo ya zamani kwa wauza chuma chakavu, ndiyo maana nimeona nikujibu kwa barua ya wazi badala ya ujumbe wa simu. Kazi yangu ya kila siku, kama unavyojua na kunitania, ni kukagua kutu kwenye matangi na mabomba ya mafuta; kwa hiyo usishangae nikiwa mkali kuhusu mabamba na mwepesi kuhusu injini.

Umesema unataka gari liwe jipya kabisa: matundu ya ubavuni yazibwe, ile ndoano kubwa ya nyuma ikatwe, bodi ipigwe pati hadi ilainike, rangi ya kijani ing'ae, na mbele pachomelewe bomba mfano wa bunduki. Ninakuomba, kwa heshima zote, ufanye karibu kinyume chake. Zuia kutu, okoa chuma kilichopo, fanya minyororo izunguke na injini iwake ukijaliwa, lakini yale matundu na ile ndoano uviache.

Kwanza tukubaliane ni kitu gani ulichonacho, maana majirani wanakiita kifaru, na kifaru sicho. Gari lililo wazi juu, lenye magurudumu matatu kila upande, sproketi za kusukuma minyororo zikiwa nyuma na injini ikiwa katikati ya sehemu ya nyuma, ndilo lile ambalo Waingereza waliliita Universal Carrier, ingawa wengi wanalijua kama Bren Carrier kwa sababu ya bunduki ya Bren iliyobebwa ndani yake. Lilianza kutengenezwa katika miaka ya 1930 na likaendelea hadi 1960, katika viwanda vya Uingereza, Kanada, Australia na New Zealand, na jumla yake ilipita magari 100,000. Deraya yake, yaani mabamba ya kuzuia risasi, ina unene wa milimita 7 hadi 10, na uzito wake likiwa na mzigo unakaribia tani 4. Kabla hujagusa msasa, mwambie kijana wako akwangue rangi taratibu, tabaka baada ya tabaka, sehemu moja ndogo ubavuni na nyingine mbele, akitafuta namba inayoanza na herufi T, kwa kuwa ndivyo jeshi la Uingereza lilivyoyaandika magari yake ya minyororo. Namba hiyo ikipatikana, ipige picha na ipime ilipo. Ukipuliza mchanga kabla ya kutafuta, umeifuta.

Anapokwangua, avae barakoa ya maana na kuloweka rangi kwanza, kwa sababu rangi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na wajukuu wanacheza uani hapo hapo. Bitana za breki za magari ya enzi hizo nazo zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Usizipulize kwa kompresa hata kidogo, zilowanishe, zitolewe na kufungwa kwenye mfuko.

Kuhusu majirani, nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha polisi, uwaeleze kwa maandishi ulichonacho na upate majibu kwa maandishi. Usione ni usumbufu. Mji huu umeona maghala ya silaha yakilipuka Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011, na mtu aliyekimbia milipuko ile akiwa na mtoto mgongoni ana haki ya kuuliza kuna nini nyuma ya ukuta wako. Kagua kila kisanduku na kila mwanya wa ndani kwa tochi. Ukiona kitu chochote kinachofanana na risasi au bomu, usikiguse wala usikisogeze, wapigie polisi. Na lile bomba la mfano wa bunduki liache kabisa. Sioni litakuongezea nini zaidi ya maswali barabarani.

Sasa kutu, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Kwenye picha ya kona ya nyuma kushoto, pale mabamba mawili yanapolaliana na kufungwa kwa ribiti, yaani zile pini nene za chuma zilizogongwa vichwa pande zote mbili, bamba la juu limetuna kati ya ribiti na ribiti kama chapati iliyoiva kwenye kikaango. Kilicholisukuma ni kutu iliyojaa katikati, kwa sababu chuma kikigeuka kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko ilivyokuwa kabla. Nguvu hiyo hukunja bamba la deraya na hata kukata vichwa vya ribiti. Ukipaka rangi juu yake, umefungia ugonjwa ndani. Hapo hapana njia ya mkato: vichwa vya ribiti vikatwe kwa grenda, shina litolewe kwa tindo, mabamba yatenganishwe, yasafishwe pande zote mbili, yapakwe praima, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, na ndipo yafungwe upya kwa ribiti za moto. Katika eneo la Gerezani, mjini, wapo mafundi wa chuma wanaoweza kuipasha ribiti hadi iwe nyekundu na kuigonga kichwa kabla haijapoa. Watakupendekezea bolti. Wasikilize kwa adabu, halafu usisitize ribiti.

Kwingineko usiwe mwepesi wa kukata. Fundi wa bodi akiona bamba lenye vishimo vishimo atakwambia halifai, kwa sababu amezoea gari la kawaida ambalo bati lake halifiki hata milimita moja. Bamba la milimita 7 lililopoteza milimita moja au mbili kwa kutu bado ni bamba imara, na hakuna atakayelipiga risasi. Chukua nyundo ndogo uligonge taratibu, kiganja kwa kiganja: palipo pazima pataitika kwa mlio mkali na nyundo itaruka, palipooza patatoa sauti butu na magamba meusi yataanguka miguuni pako. Weka alama kwa chaki. Nina hakika alama nyingi zitakuwa kwenye sakafu, maana gari lililo wazi juu na lililokaa masika baada ya masika bila turubai limekuwa beseni la maji na majani. Sakafu hiyo sehemu zake zitabadilishwa, wala silalamiki. Lakini mbavu na uso wa mbele viachiwe vishimo vyake, bila pati.

Panapohitaji kuchomelewa, mwambie fundi kwamba chuma cha deraya si bomba la geti. Ni chuma kigumu, na kikichomelewa kwa papara hupasuka pembeni mwa mshono, wakati mwingine baada ya fundi kulipwa na kuondoka. Kipashwe moto kwanza, kitumiwe vijiti vya kuchomelea vya haidrojeni kidogo (low hydrogen) vilivyokaushwa vizuri, si vile vilivyokaa dukani na pakiti wazi katika unyevu wetu huu, na mshono uachwe upoe polepole bila kumwagiwa maji.

Unyevu huo, pamoja na chumvi ya bahari, ndio adui yako mkubwa kuliko miaka yote iliyopita, na wewe unaishi mahali ambapo upepo wa kusi unaileta chumvi hadi sebuleni. Umeniuliza kama unaweza kutumia mchanga wa ufukweni kusafishia, kwa kuwa haununuliwi. Hapana, tena hapana kubwa. Mchanga ule una chumvi, na kila punje inayogonga chuma itaipandikiza kwenye vishimo vile vile unavyotaka kuvisafisha. Kisha vumbi la mchanga, uwe wa pwani au wa mtoni, huharibu mapafu ya anayelivuta. Agiza changarawe ya chuma au mabaki ya tanuru yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Maji ya kisima chako pia yana magadi na chumvi, nimeyanywa, usioshee mabamba. Nunua maji baridi ya boza, yaani yasiyo na chumvi, osha kwa mgandamizo, acha pakauke, osha tena. Kisha fanya kipande kidogo kila asubuhi, kile tu unachoweza kukisafisha na kukipaka praima ya epoksi siku hiyo hiyo, kwa sababu hapa chuma kilicho wazi kikilala usiku mmoja asubuhi kimeshageuka rangi ya chungwa. Vuli ikianza, simamisha kazi ya rangi na uhamie kwenye vipuri vya ndani.

Minyororo ndiyo itakayokuchosha. Pingili zimeshikana na pini zake hadi mnyororo mzima umekuwa fimbo. Usizipige kwa nyundo kubwa. Nunua pipa la plastiki, weka maji na magadi yale yale ya jikoni, tundika pingili chache kwa waya na uziunganishe na upande hasi wa chaja ya betri, halafu upande chanya uunganishe na vipande vya chuma cha kawaida visivyo na kazi. Ukiwasha utaona vipovu vidogo vikipanda kwenye pingili, na povu la kahawia litajikusanya juu ya maji. Vipovu hivyo ni gesi ya haidrojeni inayolipuka, kwa hiyo pipa likae nje, mbali na jiko la mkaa na mbali na sigara yako. Upande chanya usiweke stenlesi hata ukiambiwa inadumu zaidi, kwa sababu hutoa sumu ya kromi ndani ya maji. Springi za magurudumu usizitie humo kabisa, kwani haidrojeni huingia kwenye chuma kigumu cha namna hiyo na kukifanya kivunjike ghafla. Hizo zisafishwe kwa brashi ya waya. Vipuri vidogo unaweza kuviloweka kwenye molasi iliyochanganywa na maji, kiasi cha sehemu moja kwa tisa, ukiwa tayari kusubiri wiki kadhaa na kuvumilia harufu. Mkaza mjomba ashirikishwe kabla ya uamuzi huo.

Injini nitaipitia haraka. Ni Ford V8 ya valvu za pembeni, nguvu ya farasi 85, na mafundi wetu wazee wanaifahamu kuliko mimi. Usijaribu kuizungusha kwa nguvu. Jaza mafuta mepesi kwenye silinda kupitia matundu ya plagi, uiache ilowe. Kagua sana njia za maji, kwa sababu katika injini hii moshi hupita ndani ya bloku kabla ya kutoka nje, ndiyo maana hupata joto haraka, na njia hizo zikiziba kwa kutu itachemka kabla haijatoka getini. Hilo geti nalo usilivuke kwa minyororo ya chuma juu ya lami ya watu. Likitoka, litoke juu ya trela.

Nimerudi kwenye matundu na ndoano. Muuzaji alikwambia gari lilitoka kwenye shamba la mkonge, na matundu yale yamekatwa kwa moto wa gesi, kingo zake zina matone ya chuma yaliyoganda, na ndoano imechomelewa na mtu aliyekuwa na haraka lakini aliyejua kazi. Hayo hayakufanywa na jeshi. Yalifanywa na fundi wa nchi hii aliyegeuza chombo cha vita kuwa cha kuvuta mzigo, kwa wakati ambapo jambo hilo lilikuwa la kawaida: mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947 Kongwa, kisha Nachingwea na Urambo, uliletewa matrekta ya Shervick, yaliyoundwa na kiwanda cha Vickers kutokana na vifaru vya Sherman, kabla ya mradi wenyewe kuachwa mwaka 1951. Magari ya aina yako yaliyorudishwa katika sura ya 1943, yakiwa na rangi safi na bunduki za bandia, yamejaa Ulaya. Lenye ndoano ya shambani mwetu sijaliona jingine.

Najua unalifanya kwa ajili ya Babu. Lakini Babu alikuwa Keya wa miguu, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944 ndani ya mvua za masika za kule, na alichotusimulia ni matope, nyumbu wa mizigo na miguu iliyovimba. Gari la deraya hakulitaja hata siku moja. Aliporudi alifanya kazi kwenye mkonge. Ukiikata ndoano ile ili gari lifanane na vita, utakuwa umeondoa sehemu pekee ya gari hilo ambayo huenda inafanana na maisha yake.

Jumamosi nitavuka na kivuko cha asubuhi, nikiwa na kipimo cha unene kinachotumia mawimbi ya sauti, ili tupime mbavu zote mbili na kuandika namba kwenye mchoro kabla fundi yeyote hajawasha grenda. Hadi hapo, naomba ulifunike kwa turubai lililoinuliwa juu ya miti ili hewa ipite chini yake, maana turubai lililolala juu ya chuma hufungia jasho. Utoboe pia matundu mawili ya kutolea maji kwenye sakafu, pale palipokwisha kuoza. Yule fundi wa bodi umlipe posho yake ya siku, umwambie arudi tutakapomwita.